Sakafu ya Nyumba na Uzito wa Maji: Tangi Liwekwe Wapi?

Mada iliyoandaliwa kusomwa katika mikutano ya hadhara ya mitaa. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam anapojenga nyumba, tangi la maji huingia katika hesabu zake mapema kuliko hata rangi ya ukuta. Kuanzia Bunju, Mabwepande na Goba upande wa kaskazini hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa kusini, tangi jeusi juu ya mnara wa tofali limekuwa sehemu ya sura ya mtaa kama ulivyo mwembe wa uani. Sababu zake zinajulikana. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mto huo una misimu yake. Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena Oktoba 2022, maji ya mto yalipopungua, DAWASA ililazimika kutangaza mgao, na kila aliyekuwa na tangi la lita 1,000 alitamani lingekuwa la lita 5,000. Wengi walikwenda kulinunua.

Kujiwekea akiba ya maji ni busara, na halmashauri haina sababu ya kumzuia yeyote. Lakini kuna swali ambalo huulizwa kwa nadra siku tangi linapofika nyumbani juu ya mkokoteni au guta. Mwenye nyumba huuliza bei, huuliza unene wa plastiki, huuliza kama maji hayatanuka. Haulizi tangi litakaa juu ya nini, na kilicho chini yake kina uwezo gani. Zamani swali hilo halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa nyumba nyingi za maeneo haya zilikuwa za chini, zenye paa la bati, na pipa la maji lilikaa uani juu ya ardhi. Leo nyumba za ghorofa moja na mbili zinainuka kila mtaa, varanda zinafunikwa kwa zege, na zege hilo linaonekana kwa macho ya mwenye nyumba kuwa ni kiwanja kizuri kilicho wazi, kinachosubiri kuwekewa kitu.

Hesabu yake ianze na maji yenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Haihitaji mizani wala fomula. Uwezo wa tangi ulioandikwa ubavuni mwake kwa lita ndio uzito wake kwa kilo, likijaa. Tangi la lita 1,000 lina tani moja, karibu sawa na gari dogo la kutembelea. Tangi la lita 5,000 lina tani tano. Kwa lugha ya ujenzi, hiyo ni mifuko 100 ya saruji ya kilo 50. Hakuna mwenye nyumba atakayemwambia fundi apandishe mifuko 100 ya saruji, aipange yote kwenye kona moja juu ya chumba wanamolala watoto, na aiache hapo miaka 20. Angeonekana amerukwa na akili. Lakini mtu huyohuyo huweka tangi la lita 5,000 mahali hapohapo na majirani humpongeza.

Kinachodanganya ni kwamba tangi hununuliwa likiwa tupu. Vijana wawili hulinyanyua, hulifunga kamba, hulipandisha juu huku wakitaniana, na kazi huisha kabla ya chakula cha mchana. Tani zote tano huja baadaye, usiku, kupitia bomba la nusu inchi, bila kelele. Asubuhi mwenye nyumba huamka tangi limejaa na sakafu haijasema neno. Huhitimisha kuwa imeweza.

Sasa itazamwe sakafu yenyewe. Mhandisi anapobuni sakafu ya juu ya nyumba ya kuishi, hukadiria uzito wa watu na vitu vitakavyokaa juu yake. Katika kanuni za uhandisi za Kiingereza, ambazo zimetumika kwa miaka mingi katika kubuni majengo nchini, uzito huo ni takriban kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba. Kiasi hicho kinatosha vitanda, makabati, makochi, wageni wa msiba na wageni wa harusi. Paa la zege ambalo halikusudiwi kukaliwa, la kupandwa na fundi wa matengenezo tu, huweza kukadiriwa kwa nusu ya hapo. Zege lenyewe halimo katika hesabu hii. Sakafu yenye unene wa sentimita 15 tayari inajibeba yenyewe kwa zaidi ya kilo 350 kila mita ya mraba, kabla ya mtu yeyote kuikanyaga.

Kilo 150 kwa mita ya mraba zikigeuzwa kuwa maji ni kina cha sentimita 15. Yaani kama chumba cha juu kingejengewa ukingo na kujazwa maji yasiyofika hata katikati ya goti na kifundo cha mguu, sakafu ingekuwa tayari imebeba kila kitu ambacho mhandisi aliihesabia. Hakuna nafasi ya kitanda tena. Mkazi akumbuke picha hiyo, kwa maana tangi la lita 5,000 si kina cha sentimita 15. Ni maji ya kimo cha mtu mzima na zaidi, yamesimama juu ya duara lenye kipenyo cha mita 1.8 hivi. Chini ya duara hilo kila mita ya mraba inabeba karibu kilo 2,000, kama mara 13 ya kilichokadiriwa.

Mwenye kujua hesabu atajibu kwamba sakafu haibebi kwa mita moja moja. Zege na nondo husaidiana, na sehemu yenye mzigo huazimwa nguvu na sehemu isiyo na mzigo. Ni kweli. Basi na ichukuliwe sakafu nzima ya chumba cha mita 4 kwa 4. Eneo lake ni mita za mraba 16, na jumla ya mzigo uliokadiriwa, ukitandazwa kila mahali, ni kilo 2,400. Tangi moja la lita 5,000 ni zaidi ya mara mbili ya jumla hiyo, hata chumba chote kikiachwa kitupu. Likikaa katikati ya chumba, mahali ambapo sakafu hupinda zaidi, hali huwa mbaya kuliko namba hizo zinavyoonyesha.

Wahandisi huongeza kiasi cha tahadhari katika hesabu zao, na hiyo ndiyo sababu matangi mengi yaliyowekwa bila ushauri bado yako juu hadi leo. Kiasi hicho kiliwekwa kwa ajili ya mambo mengine: kokoto zisizo safi, zege lililokorogwa kwa koleo likazidishiwa maji, nondo iliyosogea wakati wa kumwaga. Mwenye nyumba anayepandisha tangi anatumia akiba ambayo huenda fundi alikwisha kuitumia.

Fundi naye ana maneno yake. Kila aliyejenga katika mji huu ameyasikia: "Mzee, zege hili hata lori linapita." Husemwa kwa nia njema, na mara nyingi aliyesema ni mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Lakini uzoefu wa fundi ni wa kujenga, na tangi huja baada ya fundi kuondoka. Mama mwenye nyumba akimuuliza, "Fundi, nondo za chini ni za milimita ngapi, na zimepishana sentimita ngapi?" atapata jibu lenye maana zaidi kuliko habari za lori. Akimuuliza ni nani aliyechora, na kama kwenye mchoro huo palionyeshwa tangi, atapata jibu lenye maana kuliko yote.

Kwa nini jambo hili lipewe muda wote huu? Kwa sababu jiji hili linajua maana ya zege kushindwa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa eneo la Kisutu liliporomoka na watu 36 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha huku jamaa zao wakisubiri siku kadhaa kando ya kifusi. Matukio hayo hayatajwi hapa kwa kuwa yalitokana na matangi. Yanatajwa kwa kuwa katika yote mawili watu wa kawaida walikuwa wakiliamini jengo kwa sababu lilikuwa limesimama jana.

Zege lina tabia mbili ambazo mwenye tangi anapaswa kuzifahamu. Ya kwanza ni kwamba huchoka polepole. Likibebeshwa mzigo wa wageni, wageni wakaondoka, hurudi mahali pake. Likibebeshwa mzigo usioondoka, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, huendelea kupinda kidogo kidogo hata kama mzigo haukuongezeka. Maji ya tangi ni mzigo wa namna hiyo. Ya pili inahusu nondo. Zege hustahimili kubanwa, lakini likivutwa hupasuka. Nondo ndizo hubeba mvuto ule upande wa chini wa sakafu. Tangi lisilo na boya zuri hufurika, maji hutuama juu ya zege, hupenya katika nyufa ndogo na kuzifikia nondo. Nondo ikipata kutu huvimba, ikivimba hupasua zege linaloifunika, na zege likimeguka maji hupata njia pana zaidi. Hapa pwani, ambapo hewa yenyewe ina chumvi na wapo wanaodiriki kujengea mchanga wa ufukweni, kutu haina haja ya kubembelezwa. Kwa hiyo tangi huielemea sakafu kwa juu na kuila kwa ndani, na mara nyingi kinachoonekana chini ni doa la kahawia tu kwenye dari.

Wapo wakazi ambao tangi lao si la kunywa wala kufulia. Samaki wa mapambo wameingia sebuleni, na tangi la kioo lenye taa na mawe ya rangi ni fahari ya nyumba. Swali la sakafu linawahusu pia, ingawa jibu lao lina nafuu. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 60 hubeba lita 360. Ukiongeza kioo, kokoto na meza yake, uzito hukaribia nusu tani. Hiyo ni sawa na watu wazima sita au saba waliosimama wamebanana, wasioketi wala kuondoka. Katika nyumba ya chini, penye jamvi la zege lililomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa vema, hakuna la kuhofia. Tatizo hutokea pale ambapo kifusi kilijazwa haraka na kumwagiwa maji bila kushindiliwa. Jamvi huwa limeacha uwazi chini yake, nalo hupasuka na kuzama upande mmoja. Kioo hakipendi kuinama. Tangi likikaa mshazari, kona moja ya kioo hubeba kuliko nyingine.

Kwenye ghorofa, tangi la ukubwa huo liwekwe kando ya ukuta ulio juu ya boriti au juu ya ukuta mwingine wa chini, wala si katikati ya sebule, hata kama katikati ndiko linakopendeza. Tangi la mita 2 lenye karibu tani moja lisipandishwe ghorofani bila mhandisi kuona mchoro. Atakayedhani kwamba tahadhari hii ni ya watu waoga akumbuke yaliyotokea Berlin, Ujerumani, alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022, wakati tangi la samaki ndani ya hoteli, lenye lita milioni moja, lilipopasuka na kumwaga maji hadi barabarani pamoja na samaki wapatao 1,500. Hilo lilikuwa limebuniwa na wataalamu, na sakafu haikuwa na kosa. Maji yaliyoinuliwa juu hutafuta njia ya kushuka, na hilo ni kweli kwa lita milioni moja na kwa lita 360.

Urudiwe mnara wa uani, kwa maana wengi wanaosikiliza wana mnara kuliko wenye ghorofa. Mnara una sifa moja nzuri: hauko juu ya kitanda cha mtu. Lakini kosa lake la kawaida ni kujengwa kama ukuta wa choo. Tofali za inchi sita zikipandishwa mita 3 kwa umbo la mraba wa mita 2, bila nguzo za zege pembeni wala mkanda wa kuzifunga, kuta peke yake huwa na uzito wa tani sita au zaidi. Ukiongeza zege la juu na lita 5,000, ardhi chini ya mnara inabeba tani 13. Nyumba nzima ya vyumba viwili hutandaza uzito wake juu ya eneo kubwa. Mnara huukusanya mahali padogo, tena karibu na uzio, karibu na shimo la maji taka, au mahali palipofukuliwa juzi kupitisha bomba. Msingi ukizama upande mmoja kwa vidole viwili tu, kileleni tangi limekwisha kuinama zaidi ya hapo, na uzito wote huanza kuegemea upande huohuo uliozama.

Maji yanayofurika humalizia kazi. Mkazi apite mtaani kwake saa za alfajiri, siku maji yanapotoka kwa nguvu, asikilize. Atasikia matangi yakimwaga. Maji hayo hudondoka mguuni pa mnara, kila wiki, na udongo uliokuwa mgumu siku ya kujenga hugeuka tope. Msimu wa masika hauna sababu ya kulaumiwa kwa mnara ulioanguka mwezi wa Aprili kama boya bovu lilikuwa limelainisha msingi tangu Januari. Boya jipya na bomba la kupelekea maji ya ziada mbali na msingi ni matengenezo ya siku moja. Katika mambo yote yaliyomo katika mada hii, hilo ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linaloahirishwa kuliko yote.

Jambo jingine dogo: tangi tupu ni jepesi, na upepo hulijua hilo. Mnara usio na ukingo wala kamba za kufungia tangi huwa hatari wakati wa mgao, yaani wakati uleule ambao tangi halina maji ya kulishikilia.

Yapasa sasa kujibu swali lililo katika kichwa cha mada. Tangi liwekwe wapi? Ili kujibu, ijulikane kwanza kwa nini hupandishwa. Kila mita moja ya kimo huyapa maji nguvu ya kusukuma, na mita 10 hutoa nguvu ya kipimo kinachoitwa baa moja. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 hutoa karibu theluthi moja ya baa: linatosha bomba la jikoni na kujaza ndoo, na bafu huoga polepole. Nguvu hiyo hutokana na kimo pekee, na wingi wa maji hauiongezi. Lita 500 zilizo juu ya mnara wa mita 3 husukuma maji sawasawa na lita 5,000 zilizo kwenye kimo kilekile. Hili ndilo wengi hawajaambiwa. Tangi kubwa hupandishwa juu kwa imani kwamba ukubwa wake utaongeza nguvu, kumbe ukubwa unaongeza akiba tu, na akiba inaweza kukaa popote.

Ikae chini, basi. Tangi la lita 5,000 likae uani, juu ya jamvi la zege lililomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa, au maji yahifadhiwe katika tangi lililochimbiwa ardhini na kujengwa kwa uangalifu likafunikwa vema, ili watoto wasitumbukie na maji machafu yasipenye. Juu liwekwe tangi dogo la lita 500, au 1,000 kama sehemu ya kukaa ilijengwa kwa kusudi hilo, na pampu ndogo ya umeme ipandishe maji mara moja au mbili kwa siku. Familia inapata akiba ileile na nguvu ileile ya maji, na juu ya vichwa vya watu panabaki nusu tani au tani moja badala ya tano. Gharama inayoongezeka ni pampu na umeme wake. Gharama inayopungua ni mnara, ambao mara nyingi huzidi bei ya tangi lenyewe. Faida nyingine ni kwamba tangi la chini hukinga maji ya mvua moja kwa moja kutoka kwenye mfereji wa paa, na hujazwa hata siku ambazo msukumo wa bomba la mtaani ni mdogo mno kupanda mita 3.

Umeme ukikatika, tangi dogo la juu litatosha siku hiyo kwa matumizi ya uangalifu. Hilo ni pungufu la mpango huu na halifichwi. Nyumba yenye mgonjwa, au watu wengi, inaweza kuamua kuwa na lita 1,000 juu. Basi sehemu hiyo ihesabiwe na mhandisi, matangi yakae juu ya boriti au kuta zinazobeba, na uzito ugawanywe badala ya kurundikwa. Matangi mawili ya lita 500 kwenye kuta mbili ni bora kuliko tangi moja la lita 1,000 katikati.

Kwa anayejenga sasa, kazi ni nyepesi kabisa. Mahali pa tangi paonyeshwe kwenye michoro inayoletwa halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi, kibali ambacho kinatakiwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ili mhandisi ahesabu uzito huo tangu mwanzo. Kuongeza nondo na boriti kwenye mchoro ni kazi ya penseli. Kuongeza boriti chini ya sakafu ambayo watu wanaishi ndani yake ni kazi ya miezi, vumbi na fedha nyingi. Mhandisi anayepewa kazi hiyo awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuona usajili wake bila kuona haya.

Kwa ambaye tangi lake limekwisha kukaa juu, dalili zichunguzwe kutoka chini. Atazame dari ya chumba kilicho chini ya tangi mchana, na tena usiku kwa tochi iliyolazwa karibu na dari, maana mwanga wa pembeni huonyesha bonde ambalo jicho halilioni. Plasta inayodondoka, doa la kutu, ufa unaopita katikati ya dari au unaopanda mshazari kutoka pembe ya mlango, mlango uliokuwa ukifungika vizuri na sasa unakwama: kila kimojawapo ni sababu ya kuita mtaalamu. Ufa uwekewe alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na tarehe iandikwe kando. Baada ya mwezi penseli itaeleza kama ufa umelala au unatembea.

Dalili zikionekana, hatua ya kwanza haihitaji mtaalamu wala kibali. Tangi lifunguliwe limwagwe, hata kama ni maji ya gari la boza yaliyonunuliwa kwa bei kubwa jana yake. Majirani waje na ndoo. Chumba cha chini kihamwe hadi mhandisi apite. Plasta mpya na rangi visitumike kuziba ufa kabla ya kuonwa. Kufanya hivyo ni kumfumba mhandisi macho, na kwa nyumba ya kupangisha ni kumfumba mpangaji pia.

Mpangaji ndiye wa mwisho kutajwa, naye ndiye aliye chini ya matangi mengi zaidi. Hakununua tangi, hakuchagua mahali pake, hajui nondo za sakafu iliyo juu ya godoro lake. Akiona dalili, aanze kwa kumwambia mwenye nyumba kwa heshima, ikiwezekana kwa maandishi au ujumbe wa simu unaobaki, akiambatanisha picha ya ufa wenye alama ya penseli. Siku zikipita bila hatua, aende ofisi ya Serikali ya Mtaa kwa Mwenyekiti au Afisa Mtendaji, ambaye atalifikisha jambo hilo kwa Mtendaji wa Kata na kwa wahandisi wa halmashauri. Na kwa upande wake, mpangaji wa ghorofani anayetaka kuleta tangi la samaki amjulishe mwenye nyumba kabla ya kulinunua, kwa kuwa aliye chini yake naye ni mpangaji.

Mkazi anapokwenda ofisini achukue mambo matatu: nakala ya mchoro wa nyumba kama ipo, uwezo wa tangi kwa lita, na vipimo vya chumba kilicho chini yake kwa mita, pamoja na umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tangi. Mwenye kukosa mchoro asibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Vipimo viwili vya mwisho huchukuliwa kwa futi ya fundi na huandikwa kwenye karatasi ya daftari, na mhandisi anaweza kuanza navyo.